Viti 18, sahani ngapi? Ufadhili wa voliboli katika vyuo vya Marekani

Shemeji yangu alinipigia simu Jumapili usiku, saa ambazo watu hupiga pakiwa na msiba au shida ya pesa. Ilikuwa pesa. Binti yake yuko kidato cha tatu, anacheza voliboli, na timu ya shule yao ilikuwa imetoka kushinda mashindano ya kaunti ndogo. Kuna bwana aliyemwona uwanjani akajitambulisha kuwa wakala. Ameahidi chuo Marekani, kila kitu bure, miaka minne, mradi familia itoe shilingi 150,000 za "kufungua faili".

"Shem, huyu ni mtu au ni tapeli?"

Nikamwambia ufadhili wenyewe upo, tena mwingi kuliko anavyodhani, ila haupatikani kwa njia aliyoelezwa. Tuliongea hadi simu ikapata moto sikioni. Nilipokata nikakumbuka kwamba maswali hayo hayo niliwahi kuulizwa na rafiki aliyehamia Texas, ambaye binti yake anacheza katika shule ya hukohuko, na uelewa wake haukumzidi shemeji hata kidogo. Halafu tangu Juni 2025, mahakama ya Marekani ilipoidhinisha makubaliano yaliyobadilisha namna vyuo vinavyowagharimia wanamichezo, hata waliokuwa wanaelewa wamevurugika. Basi nikaona niandike.

Tuanze na neno lenyewe. Ufadhili wa michezo ni pesa ambazo chuo kinamlipia mwanafunzi, yaani karo, bweni, chakula na vitabu, kwa sababu anakichezea. Mlipaji ni chuo. Serikali ya Marekani haimo, na hiyo NCAA inayotajwa kila mahali haimo pia. NCAA ni chama kinachotunga kanuni na kuandaa mashindano ya vyuo, kama vile shirikisho la mpira linavyosimamia ligi bila kumlipa mchezaji hata mmoja mshahara. Anayekwambia "nitampeleka NCAA wampe ufadhili" ameshakosea kabla hajafika mbali. Anayetoa ni kocha fulani, wa chuo fulani, kutoka bajeti ya mwaka fulani.

Vyuo hivyo viko kwa matabaka. NCAA ina divisheni tatu. Ya Kwanza ndiyo ile ya kwenye televisheni, na ina timu za wanawake za voliboli zaidi ya 330. Ya Pili ni ya vyuo vidogo kidogo, na ufadhili wake kwa kawaida ni wa sehemu. Ya Tatu haitoi hata senti moja kwa ajili ya michezo, ingawa hilo lina kinyume chake nitakachokitaja mbele. Nje ya NCAA kuna NAIA, chama cha vyuo vidogo, vingi vikiwa vya binafsi au vya makanisa. Kisha kuna NJCAA, vyuo vya miaka miwili, ambako mwanafunzi huanza kisha akahamia chuo cha miaka minne. Na kwa wanaoota Harvard au Yale: vyuo vinane vya Ivy League viko Divisheni ya Kwanza lakini havitoi ufadhili wa michezo. Husaidia kwa kuangalia uwezo wa familia, basi.

Sasa tuje kwenye sahani, yaani ufadhili kamili wa mchezaji mmoja.

Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya voliboli ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa sahani 12 zilizojaa. Kocha alimpa mchezaji sahani nzima au asimpe kitu; kuigawa nusu kwa nusu hakukumsaidia, kwa kuwa kila aliyeonja alihesabiwa kuwa amekula yote. Upande wa wanaume, na Divisheni ya Pili yote, mambo yalikuwa kama sufuria ya pilau. Timu ya wanaume ilipewa sufuria yenye thamani ya sahani nne na nusu, na kocha akapakua apendavyo: huyu robo, yule nusu, mwingine kijiko cha kuonja. Sufuria ya wanawake wa Divisheni ya Pili ni ya sahani nane.

Makubaliano ya 2025 yaliondoa ukomo wa sahani katika vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyojiunga nayo. Badala yake yakaweka ukomo wa viti: timu ya voliboli isizidi wachezaji 18, wanawake kwa wanaume. Hapa ndipo mitandao ilipochemka. Watu walisoma "18" wakaandika kwamba ufadhili umepanda kutoka 12 hadi 18. Kiti si sahani. Chuo chenye pesa kinaweza kuwalisha wote 18, na chuo ambacho mkoba wake ni mwembamba kinaweza kuwa na watu 18 mezani na chakula cha wanane. Isitoshe, sasa hata timu za wanawake zinapakua kutoka kwenye sufuria. Kwa hiyo kocha akisema "tuna nafasi yako", swali linalofuata ni moja: nafasi ya kiti, au na sahani yake? Mchezaji anayekaa bila sahani yupo pia, anafanya mazoezi sawa na wenzake na kujilipia karo mwenyewe.

Ufadhili mwingi, hata ule mzima, huandikwa kwa mwaka mmoja na kuhuishwa mwaka hadi mwaka, ingawa vyuo vinaruhusiwa kuandika wa miaka mingi. "Miaka minne bure" ya wakala wetu ingehitaji karatasi inayosema hivyo, yenye nembo ya chuo. Ahadi ya mdomo haimfungi yeyote, kocha wala mchezaji. Ile barua ya kujifunga ambayo vijana walikuwa wakipigwa picha wakiisaini NCAA iliifuta Oktoba 2024. Kinachosainiwa siku hizi ni mkataba wa msaada wa kifedha na chuo chenyewe, na ndio wa kusomwa neno kwa neno.

Shemeji ana mtoto wa kiume pia, na aliuliza kama naye anaweza. Anaweza, lakini njia yake ni nyembamba zaidi, na sababu iko kwenye sheria ya 1972 inayoitwa Title IX. Sheria hiyo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea pesa za serikali, na ndani yake mkaingia michezo. Katika vyuo vikubwa, timu ya wanaume ya futiboli ya Kimarekani peke yake ilikuwa ikimeza ufadhili 85. Ili mizani ikae, vyuo vikatafuta michezo ya wanawake ya kuwekeza, na voliboli ikafaidika sana. Leo ni mchezo wa watu wengi kwelikweli: Agosti 30, 2023 watu 92,003 walijaza uwanja wa futiboli mjini Lincoln, Nebraska, kutazama mechi ya voliboli ya wanawake wa chuo. Timu za wanaume za Divisheni ya Kwanza ni chache mno ukilinganisha. Mvulana aangalie NAIA na vyuo vidogo mapema, asisubiri kukataliwa na vikubwa.

Jambo lililomchukua shemeji muda mrefu zaidi kulielewa ni hili: kocha hatafuti mchezaji bora. Anaziba pengo. Fundi aliyebakisha mlango mmoja hahitaji dirisha, hata liwe la mninga uliochongwa Lamu. Kocha mwenye maseta wawili, wale wanaowapandishia wenzao mpira wapige, wa mwaka wa pili hana haja na seta mpya hadi hao wakaribie kumaliza, na hata umletee seta wa timu ya taifa atakushukuru na kurudi kazini kwake.

Habari njema ni kwamba pengo linaonekana kwa macho. Fungua tovuti ya timu yoyote ya chuo, nenda kwenye orodha ya wachezaji. Kila jina lina nafasi yake, kimo, mwaka wa masomo na mji alikotoka. Tulifanya hivyo na binti ya shemeji kwa simu ya mama yake, chuo kimoja baada ya kingine. Yeye ni mzuiaji wa kati, wale wa bloku. Tukawa tunahesabu: wa kati wangapi, nani anamaliza lini, nani atakuwa ameondoka yeye akifika. Tukaangalia na kimo chao, maana ukikuta wa kati wote wana futi sita na inchi tatu, na wewe una tano na tisa, chuo hicho si saizi yako. Tukaangalia pia walikotoka. Orodha yenye wasichana kutoka Brazili, Serbia au Uturuki inakuonyesha kocha aliyezoea karatasi za viza. Orodha ambayo wote wametoka jimbo lilelile inakuonyesha vinginevyo. Saa mbili zilitupa vyuo 31 vya kuandikia, na ilikuwa kazi ya bure kabisa, isipokuwa bando.

Mapengo yenyewe hayatabiriki kama zamani. Tangu 2018 wachezaji wanaotaka kuhama huingiza majina yao katika mfumo wa uhamisho, na makocha wengi wanaona heri kumchukua mtu wa miaka 20 aliyekwisha kucheza chuoni kuliko kumlea wa 18. Ndiyo sababu vyuo vya miaka miwili vimekuwa mlango mzuri. Anacheza, anaonekana, anakuza Kiingereza cha darasani, kisha anahama akiwa na video za huko. Iowa Western na Miami Dade ni mifano ya vyuo vya aina hiyo vinavyojulikana kwa voliboli. Watu wetu huvidharau kwa sababu ya neno "miaka miwili", sijui kwa nini. Mkimbiaji wa Eldoret hakuvidharau.

Rafiki yangu wa Texas alikuwa na kosa la aina nyingine. Alidhani makocha watamwona binti yake kwenye mechi za shule, kama hapa kwetu ambapo maskauti wa klabu hufurika kwenye fainali za kitaifa za sekondari. Marekani msimu wa wasichana wa sekondari huanza Agosti hadi Novemba hivi, na msimu wa wanawake wa vyuo ni huohuo. Kocha yuko uwanjani na timu yake. Anaponusa vipaji ni kuanzia Januari, kwenye mashindano ya klabu, ambapo kumbi za maonyesho hupangwa viwanja kadhaa chini ya paa moja na kocha hutembea na kiti chake cha kukunja kutoka mechi hadi mechi. Klabu hizo ni ghali, ada na usafiri vinaweza kula maelfu ya dola kwa mwaka. Familia isiyoweza iulize kuhusu msaada wa ada na klabu za mitaani kabla ya kukata tamaa, na iweke nguvu kwenye video.

Kuna pia tarehe ya kushika: Juni 15. Kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kumjibu mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya Juni 15 inayofuata mwisho wa darasa la 10, ambalo kwetu ni kama kidato cha pili. Mtoto wa kidato cha kwanza akiandika, akakaa kimya kocha wa watu, wazazi husema "wamemkataa". Hawajamkataa, wamefungwa mdomo. Kinyume chake kinachekesha zaidi: kabla ya tarehe hiyo kocha anaweza kutuma mwaliko wa kambi ya mazoezi, na mialiko hiyo hutumwa kwa mamia. Kambi inalipiwa. Nimeona mzazi akiichapisha barua ya namna hiyo na kuibandika sebuleni.

Turudi kwenye video, kwa maana mtoto wa Mwala au Mbeya hataonwa kwa njia nyingine. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Simu iwekwe nyuma ya mstari wa mwisho, juu kadiri inavyowezekana, hata mtu akipanda juu ya meza, ili kocha aone wavu na wachezaji wote sita. Mwanzoni liandikwe jina, namba ya jezi, nafasi, kimo na mwaka wa kumaliza. Vitendo bora viwe ndani ya sekunde 30 za mwanzo. Muziki usiwepo. Na seti moja nzima isiyokatwa iwe tayari, kwa sababu kocha anayevutiwa ataiomba. Anataka kuona unafanya nini baada ya kukosea sevu, unarudi kwenye nafasi mbio au unanung'unika.

Namba anayoitaka kila kocha ni kimo cha kugusa. Mchezaji anasimama kando ya ukuta, mkono mmoja juu, unapiga alama. Kisha anapaka chaki vidoleni, anarudi hatua kadhaa, anakimbia sambamba na ukuta na kuruka kama anayepiga smashi, anaacha alama ya pili. Wavu wa wanawake una mita 2.24, wa wanaume 2.43, kwa hiyo alama ya pili inaonyesha mara moja mkono wake unapita wavu kwa kiasi gani. Shemeji alinitumia mita 3.10. Nilishtuka, hiyo ni ya wachezaji wa kimataifa. Kumbe mtoto aliruka juu ya baraza, na baba akapima kutoka uani. Tulipotoa ngazi mbili za baraza ikabaki 2.81, ambayo bado ni namba ya kuandikwa bila aibu.

Barua pepe yenyewe iandikwe na mchezaji. Kocha hamsajili baba. Iwe na mistari saba au minane: mimi ni nani, nacheza nafasi gani, kimo na mguso wangu, alama zangu, mwaka nitakaomaliza, kiungo cha video, na sentensi moja inayoonyesha umeitazama timu yake. Ile hesabu ya wanaomaliza ndiyo inayokupa sentensi hiyo.

Masomo sasa, ambapo ndoto nyingi hufia kimyakimya. Divisheni ya Kwanza inataka kozi 16 za msingi kuanzia darasa la 9, yaani kuanzia kidato cha kwanza: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na kadhalika, zenye wastani wa alama, GPA wanavyoita, usiopungua 2.3. Ya Pili ni 2.2. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea nafasi chuoni, hauhitajiki tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo kinaweza kuwa na masharti yake. Anayehakiki ni kituo cha NCAA cha ustahiki, na mchezaji hufungua akaunti yake mwenyewe. Mwanafunzi wa nje huombwa ripoti za kila mwaka wa sekondari pamoja na cheti cha mwisho. Cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, peke yake hakitoshi. Waliokuja kwa kufikiri "nitajitahidi kidato cha nne" wamekuta kidato cha kwanza kinawasubiri mlangoni.

Na alama nzuri ni pesa, hapa ndipo ile Divisheni ya Tatu inapoingia. Vyuo vyake havitoi ufadhili wa mchezo, lakini vinatoa wa alama na wa uhitaji, na mara nyingine jumla yake hupita kipande cha pilau cha Divisheni ya Pili. Ufadhili wa sehemu kwa kweli ni harambee: idara ya michezo inachanga, ofisi ya udahili inachanga kwa ajili ya alama, familia inamalizia. Kwa mwanafunzi anayetoka nje, hicho kipande cha familia ndicho kigumu. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, F-1, hadi uonyeshe kwa taarifa za benki kwamba pengo lililobaki unaweza kulilipa. Ufadhili wa asilimia 60 wa chuo cha dola 50,000 umeacha dola 20,000 kila mwaka. Watu husherehekea asilimia, wakasahau kupiga hesabu ya kilichobaki. Hata mwenye ufadhili mzima ajue kwamba sehemu ya bweni na chakula hukatwa kodi kwa mwanafunzi wa kigeni, kwa kawaida asilimia 14.

Kuna saa nyingine inayohesabu bila kelele. Kwetu kijana akimaliza kidato cha nne husema atachezea klabu kwanza ajenge jina, na klabu kubwa za Kenya ni waajiri: benki, magereza, polisi. Kanuni za Divisheni ya Kwanza kwa miaka mingi zimempa mchezaji wa voliboli mwaka mmoja baada ya sekondari. Akiendelea na mashindano rasmi kupita hapo, anakatwa msimu mmoja wa kuchezea chuo kwa kila mwaka. Mshahara wa kucheza nao huibua maswali. Kanuni hizi zinaguswaguswa sana sasa hivi, hivyo kabla ya kusaini popote, aiandikie ofisi ya kanuni ya chuo anachokitaka na kueleza alichezea nani, lini, na alilipwa nini. Kuficha hakusaidii, orodha za mechi ziko mtandaoni.

Basi wakala? Si kila wakala ni mwizi. Wapo wanaotengeneza video na kutafsiri mfumo kwa ada inayojulikana, na NCAA inaruhusu huduma hiyo mradi malipo yasitegemee kama mtoto amepata chuo au kiasi cha ufadhili. Anayetaka asilimia ya ufadhili anaweza kumharibia mchezaji ustahiki. Lakini hakuna faili la kufunguliwa mahali popote kwa 150,000, na baada ya wazazi wa Uasin Gishu kuandamana 2023 wakidai pesa walizolipia masomo ya ng'ambo, sikuhitaji kumshawishi shemeji sana.

Katika vyuo 31, sita vimejibu. Vinne vimesema nafasi hiyo imejaa, kimoja kimetuma mwaliko wa kambi. Cha sita, chuo cha miaka miwili, kocha ameomba seti nzima isiyokatwa na ripoti zote tangu kidato cha kwanza. Seti imepatikana. Ripoti ya kidato cha kwanza, muhula wa pili, haionekani. Mama yake anadhani aliifunikia unga. Wakala naye amepiga simu mara mbili wiki hii. Ameshuka hadi 90,000.